Albert Wilondja, Muoga Aliyetunza Sura Zetu

Kabla ya yote, tumalize maneno ya picha. Tangu programu za mazishi zianze kugawiwa mlangoni, watu wananong'ona: nani alichagua foto hii? Marehemu amekatwa kipaji cha uso, mdomo uko wazi, mkono umenyoshwa kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo. Bamama wawili wamesema kwa sauti kwamba imprimerie iliyochapa programu imetuharibia. Imprimerie haikuharibu kitu. Mjane mwenyewe ndiye aliyeichagua, na atakayevumilia kwenye kiti chake mpaka mwisho ataelewa sababu. Mwenye haraka, njia ya soko anaijua.

Jambo la pili. Siku ya mazishi kila marehemu anakuwa shujaa. Albert Wilondja Etabo hakuwa shujaa. Alikuwa muoga, mji mzima wa Baraka unajua, na ni dhambi kumzika mtu na sifa za mwingine. Basi haya ni maisha ya muoga huyo, na faida ambayo sisi tuliojifanya mashujaa tuliipata kwake.

Alizaliwa Swima tarehe 14 Mei 1958, mtoto wa tatu wa mzee Etabo, mvuvi, na mama Feliciana. Mtoto wa mvuvi aliyeogopa maji! Baba yake alimpakia kwenye mtumbwi ili ashike taa wakati wa kuvua ndakala, wale dagaa wa ziwa, naye akalia mpaka wavuvi wa mitumbwi mingine wakapiga kelele kwamba anawafukuzia samaki. Asubuhi mzee alimshusha kwa mkono mmoja kama kifurushi, akamwambia mama Feliciana: "Huyu mumutafutie kazi ya inchi kavu. Pa maji ataniua na njaa." Kazi ya nchi kavu aliipata, lakini Mungu naye anajua kucheka: ilikuwa kazi ya picha, na kwa miaka mingi Albert alishinda mikono yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya kuoshea picha.

Masomo ya msingi aliyasomea Swima, akamaliza mwaka 1971. Sekondari aliionja Baraka miaka miwili tu, kisha baba akafariki na karo ikakosa mtu. Mwaka 1976 alikwenda Uvira kwa mpiga picha mmoja mzee, Papa Bertin, akajifunza kazi. Wanafunzi wengine walikuwa wepesi, wanafungua mlango wa chumba cha giza kabla ya wakati, filamu inaungua. Albert hakuunguza hata moja. Alikuwa anausukuma mlango kwa mgongo, anapapasa tundu la ufunguo, anaziba nyufa za mbao na matambara, halafu anarudi kupapasa tena. Papa Bertin alimwambia mbele ya wenzake: "Woga yako njo diplome yako. Foto inapenda muntu mwenye anaogopa mwangaza."

Mwaka 1983 alifungua studio yake hapa Baraka, karibu na soko. Wote wenye umri wanakumbuka lile pazia lenye ndege iliyochorwa, mabawa makubwa kuliko tumbo. Nani hapa hakusimama mbele yake na viatu vya kuazima? Foto ulipewa, negativu hukupewa. Albert alikata filamu vipande, kila kipande akakifunga ndani ya karatasi, akakisimamisha kwenye kopo la maziwa lenye makaa makavu chini, ili makaa yanywe unyevu wa ziwa. Kila Jumamosi alifungua makopo moja moja na kuyanusa. Watu walimcheka: mtu mzima ananusa makopo kama paka. Alijibu kwamba negativu ikianza kuoza, pua inajua kabla ya jicho.

Tarehe 16 Julai 1988 alifunga ndoa takatifu na Mama Constance. Siku hiyo hofu yake kubwa haikuwa ndoa. Ilikuwa nani atapiga picha. Alitaka apige mwenyewe. Bibi-arusi alimuuliza pale mlangoni pa kanisa: "Albert, leo utashika mukono yangu ao utashika aparei?" Akashika mkono, aparei ya picha akampa Papa Bertin. Mzee alikuwa amekunywa kidogo, akafungua aparei kabla ya kurudisha filamu, na arusi yote ikaungua. Ndiyo maana nyumba hiyo haina picha ya arusi. Na tangu siku hiyo Albert hakukubali tena mtu ashike aparei yake, wala hakusimama mbele ya aparei ya mtu mwingine. Ni mtu mmoja tu aliyevunja sheria hiyo. Tutamfikia.

Mungu aliwapa watoto watatu: Rosette, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1990, Dany, na Chérie, aliyezaliwa baada ya vita.

Vita ilipofika mwaka 1996, kila mtu alibeba alichoweza. Wengine godoro, wengine mbuzi. Albert alibeba makopo. Mama Constance alikuwa na Dany mgongoni na sufuria kichwani, anamshika Rosette mkono, akageuka akaona mume wake na gunia linalogongana kwa sauti ya bati. Alipiga kelele ambayo majirani wanaikumbuka mpaka leo: "Baba Rosette, batoto batakula negativu?" Akajibu: "Nyumba itajengwa. Sura haijengwe." Akavuka ziwa lile lile lililomliza utotoni, amelikumbatia gunia, amefumba macho mpaka ng'ambo.

Huko Tanzania, kambini, mwezi wa Januari 1997, homa ilimchukua Rosette. Alikuwa hajatimiza miaka saba. Amezikwa huko. Nguo zake na kila kitu chake vilibaki Baraka, na nyumba ikachomwa. Tangu siku ile Mama Constance aliacha kumwita mume wake Baba Rosette. Akawa Baba Dany, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kitu kimoja kilibaki. Mwezi wa Septemba 1996, kwenye filamu ya mwisho aliyoipiga kabla ya kukimbia, Albert alimpiga Rosette mbele ya pazia la ndege. Filamu aliiosha, akaikata, akaitia kwenye kopo. Kuichapa hakupata nafasi. Na mwenye kujua negativu anajua: nyeupe ni nyeusi, meno ni makaa, uso ni kivuli. Mama hawezi kumtambua mwanawe humo, hata akikiinua kipande kile kwenye jua mpaka macho yalie.

Walirudi mwaka 2006. Watu walirudi kutoka pande zote bila picha hata moja ya wafu wao. Unakaa matanga, meza iko, kitambaa cheupe kiko, mshumaa uko, mahali pa picha hapana kitu. Habari zilienea kwamba makopo ya Papa Albert yapo. Wakaja. Bembe, Fuliiru, watu wa Minembwe, Waislamu wa pwani. Mlango ulikuwa mmoja. Dawa za kuchapa zilipokosekana, alinunua Bujumbura, mwaka 2008, skaneri ya filamu: mashini ndogo yenye mdomo mwembamba. Unaimezesha kipande cha negativu, inakisoma mstari kwa mstari, na ordinatere, yaani kompyuta, inarudisha nyeusi kuwa nyeupe. Sura zikarudi kwenye meza za matanga.

Sura ya kila mtu, ila ya Rosette. Mama Constance aliuliza, kama alivyouliza tangu kambini. Albert alijibu: "Kesho." Miaka ikapita, jibu ni lile lile. Kwa mdogo wake Godelieve peke yake ndiko alikosema ukweli. Aliogopa kwamba joto la kambi lilikula filamu, kwamba atafungua akute hakuna kitu. "Kama kopo iko yenye kufungwa," alisema, "mutoto iko ndani. Nikifungua na haiko, nitakuwa nimemuzika mara ya pili, na mara hii ni mi mwenyewe."

Mwezi wa Aprili 2021 ziwa liliingia mitaani. Studio ilipata maji mpaka magotini. Ordinatere ilikufa. Skaneri ilipona kwa sababu muoga wetu alikuwa ameifunga juu kwenye boriti tangu wingu la kwanza. Makopo mengi yalipona. Moja liliingiza unyevu kwa chini. Alilinusa, akakaa chini palepale kwenye matope. Lilikuwa lile.

Akalifungua. Kipande kilikuwa kimesimama, na unyevu hukaa chini: ukungu ulikuwa umeanza mwishoni pa filamu, nyuzi nyeupe nyembamba, kwenye viatu vya mtoto. Albert alibadilisha makaa, akakausha kopo, akaomba. Msimu wa mvua uliofuata alitazama kwa kioo chake cha kukuza: ukungu umefika magotini. Kuufuta hakuthubutu, asije akafuta na mtoto. Kuna vijana walimshauri apige negativu kwa simu. Alijaribu na kipande kingine, ikatoka sura ya mtu aliyezama. Kazi ile ilitaka skaneri, na skaneri bila ordinatere ni bati. Woga wake ukageuka upande. Zamani aliogopa kufungua. Sasa aliogopa kuchelewa.

Mwaka 2023 Dany alituma kutoka Lubumbashi ordinatere mpya, ya kukunja, nyembamba kama sahani. Albert alichomeka skaneri. Taa yake iliwaka mara moja ikazimika, na kioo cha ordinatere kikaandika kwamba kifaa hakijulikani. Akachomeka tena. Hakijulikani. Alikaribia kulia mbele ya wateja. Diski ya zamani iliyokuja na skaneri ilikuwa na mikwaruzo, na kwenye bureautique, vibanda vya kazi za kompyuta, alikopita walimwambia: "Papa, hii mashini ni muzee kuliko sisi. Uiweke ku museo ya bintu bya zamani." Ukungu ulikuwa umefika kiunoni.

Aliyemsikiliza ni Salma binti Waziri, mwenye mashini za fotokopi karibu na bandari. Naye hakuweza mara ya kwanza, wala ya pili. Mara moja aliifanya ordinatere ikatae hata kuwaka, na Albert akakosa usingizi. Lakini alirudi. Siku moja alimkalisha, akamweleza.

"Papa, mashini yako iko muzima. Ordinatere iko muzima. Ni sistemu mupya njo haimujue. Kati yabo kunapita ka programu kadogo, jina yake pilote. Ile pilote ni ya zamani."

"Imekufa?"

"Haikufe. Ni sawa pa barrière ya njiani. Pilote anafika na karatasi yake ya zamani, askari anaangalia muhuri, anasema: huu muhuri mi siujue, rudia kwako. Pilote haiko mwizi, Papa. Ni karatasi tu njo anakosa."

"Sasa tutafanya je?"

"Tutawasha ordinatere upya, tuambie askari alale kidogo. Akilala, pilote anapita."

Albert aliangalia mlango. "Na askari akilala, bengine nabo batapita?"

"Njo maana hatutafungua interneti. Kama barabara haiko, nani atapita?"

"Na tukizima?"

"Ukizima, askari anaamuka. Tutaanza tena."

Ikakubali. Taa ya skaneri iliwaka na kubaki. Basi Albert akaamua kwamba ordinatere ile haitazimwa tena. Aliifunga kwenye betri ya sola, akaweka ya pili pembeni, na tangu hapo maisha yake yakawa kutazama anga. Wingu likikaa juu ya rasi ya Ubwari, hali chakula. Kuku akipita karibu na kamba ya kuran, waya wa umeme, anasimama. Mama Constance alikatazwa kufagia chumba kile.

Na mtu aliyeogopa mpaka kuku alikosea mahali pamoja. Picha ya kwanza aliyoitoa kwa majaribio, kabla ya kuthubutu kugusa lile kopo, ilikuwa ya Dany mtoto mchanga, uchi, amekasirika. Furaha ilimpanda kichwani. Akaunganisha simu yake na ordinatere amtumie Dany picha yake ya aibu. Picha ilikwenda. Lakini barabara ilifunguliwa, na sistemu nayo ikavuta toleo lake jipya kimyakimya. Asubuhi alikuta kioo kinajizima na kujiwasha chenyewe. Skaneri: haijulikani. Na njia ile ya Salma haikuwepo tena mahali pake.

Salma alipofika alishika kiuno. "Papa, unaogopa maji. Unaogopa wingu. Unaogopa kuku! Kile kintu mi nilikuambia uogope, njo hukuogopa!"

Albert alikuwa na kopo mapajani, na kioo cha kukuza mkononi. Ukungu ulikuwa kifuani pa mtoto.

Salma alihangaika nayo wiki ile, anasoma kwenye simu yake mwenyewe, mbali na ordinatere, maneno ya watu wa nchi nyingine wenye skaneri kama ile na woga kama ule. Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, mchana, mvua ikiwa imefunga juu, askari alilala tena. Taa ikawaka.

"Papa, leo unaleta ile kopo," Salma akasema.

"Kesho. Ngoja tujaribu na ingine kwanza. Isipomeza muzuri, itapasua..."

Mama Constance alikuwa amesimama mlangoni na ufagio aliokatazwa. Akasema: "Baba Rosette."

Albert aligeuka kama mtu aliyepigwa jiwe. Jina lile hakulisikia tangu kambini.

"Baba Rosette, kesho yako imepata miaka makumi mbili na saba. Leta mutoto."

Albert akaleta kopo, na Salma ndiye aliyeimezesha skaneri kipande. Mashini ikaanza kunguruma. Picha ilipanda mstari kwa mstari, kutoka chini. Kwanza weupe mtupu. Viatu havikuwepo tena. Miguu haikuwepo. Albert alifumba macho kama siku ya kuvuka ziwa. Gauni likaja vipande vipande, kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Bega moja. Shingo. Radi ilipiga upande wa milima na taa ya skaneri ikacheza, ikashuka, ikarudi. Kidevu. Mdomo, na pengo la meno mawili ya mbele.

"Baba Rosette, fungua macho," mama akasema. "Anakucheka."

Ukungu ulikuwa umesimama kwenye ukosi wa gauni. Uso ulikuwa mzima, mpaka kovu dogo la nyusi alilolipata kwenye ngazi ya jirani. Mama Constance hakulia siku ile. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akabaki hapo.

Salma akauliza: "Na hii foto ingine yenye inafuata pa kipande?"

"Iliharibika," Albert akasema haraka. "Achana nayo."

"Imezesha," mama akasema.

Baada ya hapo marehemu aliendelea kutoa sura za watu mpaka nguvu zilipokwisha. Alikuwa na tension, ile presha ya damu, kwa muda mrefu. Mwezi huu, masasi ya bunduki yalipoanza kusikika upande wa juu, alitoa lile gunia la zamani na kuanza kupanga makopo ndani yake. Tarehe 2 Septemba 2025 alianguka akiwa amelishika. Hospitalini mdomo ulikuwa umepinda, maneno hayatoki. Alirudia neno moja: "Musizime." Muuguzi alidhani ni taa ya chumba, akaiacha inawaka mchana kutwa. Mama Constance alielewa. Alimwambia sikioni: "Haijazimwa. Nimeweka na ile betri ya pili." Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, Mama Constance, watoto wawili, Dany wa Lubumbashi na Chérie, wajukuu wanne, mdogo wake Godelieve, anayewasomea haya, na Salma binti Waziri, ambaye familia inamhesabu kama mtoto, na mtu asiyependa hivyo akae na hasira yake. Ametanguliwa na wazazi wake na Rosette.

Ordinatere inawaka mpaka saa hii tunapozika. Wenye wafu kwenye makopo waje. Mama na Salma watawatolea. Lakini mtu asilete simu yake na megabaiti zake karibu na chumba kile, tafadhali sana. Na tukikimbia tena, Mungu apishe mbali, gunia liko nyuma ya mlango. Kila nyumba ibebe kopo moja. Msimwachie tena mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye programu zenu. Siku ile ya Septemba 1996, baada ya kupigwa picha, Rosette alimwambia baba yake: "Baba, na mi nikupige." Sijui ni malaika gani aliyempitia Albert, alimpa aparei. Mtoto wa miaka sita, aparei nzito, anaiinua kwa mikono miwili inayoyumba. Baba akarudi nyuma kidogo, halafu woga ukamshika. Akanyosha mkono, akafungua mdomo aseme: "Usiangushe!" Na mtoto akabonyeza.

Ndiyo hiyo foto, ile aliyosema iliharibika. Kipaji kimekatwa kwa sababu mpigaji alikuwa mfupi. Hamfukuzi mtu, wala hamwiti mtu. Uangalieni vizuri ule mkono: haukuja kujikinga, umekuja mbele, chini ya kitu kinachotaka kuanguka.

Rosette hakuangusha. Baba yake naye hakuangusha. Alale sasa, Baba Rosette, na woga wake ulale pamoja naye. Makopo tumeyashika sisi.